Muosha Vyombo vya Upasuaji Aliyekatazwa Kuinama

IAȘI, Jumatatu, Machi 3, 2025. Asubuhi ni ya ukungu, na theluji ya mwisho inadondoka matone kutoka kwenye mabati ya hospitali.

Saa kumi na mbili na nusu. Katika chumba cha chini, Glicheria Bostan anafuta darubini ya pua, nyembamba kama kalamu. Anaweka jicho kwenye ncha moja na kuielekeza ukutani, kwenye picha ya Mtakatifu Parascheva.

"Nikiona mboni ya jicho lake, kioo ni kizima," anasema. "Nikimwona ana kengeza, inarudi majini."

Ana miaka 54. Kwa miaka kumi na tisa ameosha vyombo vya idara ya masikio, pua na koo. Daktari huingiza darubini hiyo puani, akatazama kwenye skrini, akaondoa nyama zilizoota na kufungua njia za sainasi bila kuchana uso. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani kesho yake. Glicheria ndiye hubaki na vyombo. Hupitisha brashi ndani ya kila bomba, huvikausha kwa hewa, huvifunga na kuviingiza kwenye mashine ya mvuke.

Alhamisi hii vyombo hivyo vinamngoja yeye mwenyewe. Ni mara ya pili.

Pua yake imeziba kwa miaka sita. Hulala ameketi. Hasikii harufu yoyote.

"Mume wangu Neculai akiunguza maharage, mimi naona moshi tu," anasema na kucheka.

Mshahara wake ni lei 3,400 kwa mwezi, na dawa za pua na za kichwa humlia karibu lei 300. Lakini si hizo zinazomkosesha raha. Novemba iliyopita chupa ya dawa kali ya kuulia vijidudu ilivuja chumbani humu.

"Nilimkuta anaimba!" anasema Veta, mwenzake wa zamu. "Mimi machozi yananibubujika, yeye kakaa pembeni ya dimbwi anaimba!"

Tangu hapo mkuu wa zamu amemwambia wazi: pua ipone, la sivyo atahamishiwa kufua mashuka. Glicheria hataki mashuka. Anakitaka chumba chake.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa mwaka 2022, wakati wa Kwaresima kama sasa, na ulifanikiwa. Aliambiwa kwa wiki tatu asipenge kamasi, asibebe mzigo, asiiname. Siku ya tatu aliinama mara ishirini.

"Sikuinama, nilisali," anasahihisha.

Neculai aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa akapona, na Glicheria akaweka nadhiri: kila jioni ya Kwaresima atasujudu mara arobaini, magoti na paji la uso sakafuni. Ilipofika ya kumi na tisa, damu ikatoka.

"Nikamalizia ya ishirini, maana kumi na tisa haikukaa vizuri," anasema. "Kisha nikapanda tramu na taulo usoni."

Vidonda vikashikana vibaya, njia zikafunga, nyama zikarudi.

Saa mbili anashuka Daktari Ilinca Tudose, mpasuaji anayelingana umri na binti yake.

"Mama Glicheria, Alhamisi sikugusi mpaka uniahidi. Kwa sauti, na Veta asikie."

"Nikuahidi nini, mwanangu?"

"Unajua vizuri. Kichwa juu ya moyo, wiki tatu."

"Nilishamwahidi Mungu kabla yako."

"Basi mwambie Mungu akupasue."

Veta anaangua kicheko. Daktari naye anaficha mdomo kwa mkono. Glicheria hacheki.

"Nikiahidi, nitakuwa nimemdanganya mmoja wenu," anasema taratibu. "Na nitakayemdanganya ni wewe. Kwa hiyo siahidi."

Kisha Veta anatoa simu, anampigia Padri Casian wa parokia yao, anamweleza yote, hata kicheko, na kuweka spika wote wasikie.

"Mnasema kuna waliocheka hapo," anasema padri. "Nani kacheka?"

"Veta, Baba," anajibu Glicheria. "Na daktari kidogo."

"Vizuri. Nadhiri yako haifi, ila magoti yako yapumzike. Hizo arobaini wagawie waliocheka, ishirini kila mmoja."

"Baba, mimi nina kilo tisini na tano!" analalamika Veta.

"Ndiyo maana."

"Mimi sijaingia kanisani tangu harusi yangu," anasema daktari.

"Sakafu ya hospitali inatosha, binti yangu. Anza Alhamisi jioni, ukishamaliza kumpasua, mikono isije ikatetemeka."

Glicheria anafuta macho kwa kiwiko. Pasaka hii, anasema, anataka kunusa mkate mtamu ukiwa bado kwenye tanuri, na maharage ya Neculai kabla hayajawa makaa. Kisha arudi chumbani kwake.

"Na kwangu utumie darubini namba mbili," anamwambia daktari. "Namba nne taa yake imechoka. Nimeandika mara tatu, hakuna anayesoma."

"Namba mbili. Haya, ahidi."

Glicheria anavua glavu, anageukia picha ya mtakatifu na kufanya ishara ya msalaba. Simu bado iko hewani.

"Wiki tatu," anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye korido. "Sitainama, sitapenga, sitabeba ndoo. Nitasali nimesimama wima kama mshumaa, na hawa wawili nitawahesabia moja moja mpaka arobaini."