Chumba Chetu Kambini

Kwenye shamba la chai nilikokulia, milimani juu ya Muheza, chumba cha kambi kilikuwa cha anayechuma. Mama alipofariki, miaka miwili baada ya baba, nyapara alikuja kutupa pole. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji, kisha akasema kwa taabu, "Sheria mnaijua. Chumba kinataka mchumaji."

Nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu wadogo watatu. "Nitachuma mimi," nikasema. Sketi ya shule nikampunguzia anayenifuata.

Nilipewa wiki mbili za kujaribiwa. Siku ya kwanza nilijaza kikapu kabla ya wote, nikajiona hodari. Nyapara alikimwaga chote juu ya turubai: majani magumu na vijiti vitupu.

"Unachuma chai au kisamvu?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Mwache, mzee, katuletea mboga!" akadakia mmoja.

Jirani yetu, mama aliyetoka Songea, hakucheka. Kesho yake alinivuta hadi kwenye mstari wake. "Mwanangu, chai haing'olewi. Majani mawili na chipukizi lake, unavunja kwa kidole gumba. Likigoma kukatika limezeeka, achana nalo."

Sasa nalima karoti Lushoto, na kila asubuhi ya baridi naukumbuka mstari ule. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya michai, sweta zimelowa hadi viwikoni, naye akiimba nyimbo za kwao nisizozielewa. Saa nne tulikula viazi vitamu tukiwa tumesimama, na harufu ya majani yanayokaushwa ikitufikia kutoka kiwandani. Sijapata tena kula kiazi kitamu namna ile.

Siku ya mwisho nyapara alimwaga tena kikapu changu. Alipekua kwa kijiti, polepole, hadi chini. Safari hii hakuna aliyetania. Nilishika kingo za kikapu kitupu nikasubiri.

"Paa lenu linavuja?" akauliza.

"Linavuja, mzee. Upande wa kitanda."

"Jumatatu namtuma fundi."

Mama wa Songea akapiga kigelegele hadi kikarudi kutoka ng'ambo ya bonde.

Nilikwenda nyumbani mbio. Wadogo zangu walikuwa wamekaa mlangoni, vyombo vyote wameshavifunga kwenye shuka.

"Fungueni," nikawaambia. "Nataka sufuria."