Nusu ya Maneno ya Dokta Mdomo

Wifi yangu ni daktari wa vifua, na mimi nina hasira. Nayasema yote mawili mapema ili usije ukafika katikati ukaniuliza mbona napayuka.

Kaka yangu alipomwoa nilimchunguza kama mawifi wote wanavyochunguza, nikitafuta pa kumsema. Kupika hajui, hilo nililipata siku ya kwanza. Nguo anavaa zilezile. Ila mdomo! Ukimchokoza asubuhi utajuta mpaka jioni, na kwa kuwa na mimi Mungu hakuninyima, tukashibana kama tumezaliwa tumbo moja. Mtaani wakamwita Dokta Mdomo, naye akalipenda jina hilo kuliko vyeti vyake vyote.

Mimi nina saluni ya chumba kimoja. Gonjwa lilipoingia, wateja walipungua lakini maneno yaliongezeka. Mtu anakuja kusukwa, anashusha barakoa kidevuni, anaanza: chanjo ina hiki, hospitali wanafanya kile, ukiwekewa oksijeni umekwisha. Wifi akiwa na siku ya mapumziko alikuwa anakuja kukaa kwenye kona, karibu na sinki la kuoshea nywele, anajifanya anachezea simu, kumbe masikio yote yako kwa wateja wangu. Hakumkatiza mtu. Alikuwa anakusanya.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, anajifungia kwenye stoo ya bandeji kule hospitali, anaegemeza simu kwenye boksi la glavu, anakwenda hewani. Madaktari wengine mtandaoni walikuwa wanatusomea, macho chini, sauti moja mwanzo hadi mwisho. Wifi alianza kwa kuigiza. Alikuwa anauchukua uvumi vilevile alivyousikia saluni, anautoa kwa uchungu na viapo bila hata kutabasamu, halafu ndipo anaugeukia na kuupiga.

Nilimuuliza kwa nini asianze na ukweli tu, tukamaliza.

"Wifi, mtu ukimwambia anachoamini ni upuuzi, anazima simu," alinijibu. "Kwanza asikie maneno yake mwenyewe. Akishajisikia, atakaa asikilize na yangu."

Na walikaa. Wanaume wazima waliwaleta wake zao hospitali mapema, wakifika mapokezi wanasema wametumwa na Dokta Mdomo. Wauguzi walicheka hadi wakazoea.

Siku moja akaigiza uvumi uliokuwa umeenea kuliko mwingine wowote. Kila aliyekuja saluni alikuwa na shemeji au jirani aliyenong'onezwa na daktari. Kwa hiyo wifi akawa huyo daktari. Akiwa na koti lake jeupe na kitambulisho kifuani, akaisogelea kamera, akashusha sauti: "Nakwambia wewe kwa sababu ni mtu wangu. Wakikuletea oksijeni, kataa. Ile mitungi ndiyo inayomaliza watu. Sisi madaktari tunajua, ila tumefungwa midomo." Kisha akapaza sauti: "Haya, huyo daktari ni nani? Anakaa wapi? Mbona kila mtu ana shemeji aliyenong'onezwa, na sijakutana na aliyenong'onezwa mwenyewe?" Baada ya hapo akaeleza oksijeni ni nini, nani anaihitaji, na kwa nini anayeletwa amechelewa ndiye anayefia kwenye mtungi. Nilicheka mpaka nikaharibu mistari ya nywele za mteja.

Mtaa wa pili kuna bwana anayejiita Profesa. Anauza unga wa mizizi kwenye vikopo vya plastiki na ana ukurasa wenye wafuasi kibao. Wifi alikuwa ameshausema ule unga hadharani, na Profesa hakusahau. Akaichukua video, akabakiza mnong'ono peke yake, akaweka muziki wa huzuni chini yake na maandishi mekundu juu: DAKTARI AFICHUA SIRI. Kabla jua halijazama ilikuwa imeingia kila simu mjini. Ni koti lake, uso wake, sauti yake. Hata mimi niliyejua, nilipoitazama ile nusu mwili ulinisisimka.

Mkurugenzi wa hospitali akamwita ofisini. Huyu ni mtu wa suti na vikao, ambaye wodi ya vifua nadhani mara ya mwisho aliiona siku ya kuizindua. Wifi akamwekea video nzima mezani. Naye akaiangalia mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo pananichoma. Aliiona yote. Alielewa.

"Mimi nimekuelewa, daktari," akasema. "Lakini wakubwa hawatakaa kuangalia video nzima. Futa kila kitu, na usiende hewani tena."

"Nikifuta nzima, itabaki nusu."

"Itasahaulika."

"Isiposahaulika?"

Akamwambia basi, asipofuta, kesho asije wodini, aende makao makuu akapange mafaili. Na wodi wakati ule ilikuwa na madaktari wawili tu, na mwenzake mwenyewe alishaanza kukohoa.

Alikuja saluni kunisimulia, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo. "Nichague mdomo au nichague wodi," akasema. Akachagua wodi. Nilimwona kwenye kioo akifuta, video moja baada ya nyingine, kimya, yule ambaye hata chai alikuwa hawezi kuinywa kimya. Mkurugenzi nilimtukana matusi ambayo hapa siyaandiki, maana watoto nao wanasoma.

Sasa nije kwa mama.

Mama yetu alikuwa anakaa nyuma ya saluni, hatua chache tu. Huyo mkwe wake, mama alikuwa anampenda hadi inakera. Mimi aliyenizaa sikuwahi kusifiwa hivyo. Ile nusu ya video ilimfikia kutoka kwa binamu yake. Asingemwamini Profesa, wala binamu. Aliamini kwa sababu aliyesema ni mkwe wake. Na kwa kuwa alisema kwa kunong'ona, mama akadhani ni siri ya nyumbani, akaamua kumtunzia. Hakutuuliza. Alipoanza kukohoa alikoholea ndani ya mto.

Mchana mmoja nikampelekea chakula, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Midomo imebadilika rangi. Sentensi ilikuwa haifiki mwisho bila kupumzika njiani.

"Mama, inuka. Tunakwenda hospitali."

"Siendi."

"Mama!"

"Mkwe wangu... amekataza." Akanielekezea simu yake kwa kidole.

Nikamweleza, nikalia, nikafoka. Wapi! Nikampigia wifi. Kaka alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Wifi alifika mbio, alama za barakoa bado zimechorwa mashavuni, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akamshika mkono. "Usiwe na wasiwasi. Sijamwambia mtu."

Sijui kama kuna maneno yaliyowahi kuniuma kuliko hayo. Wifi alifumba macho, akayafumbua.

"Mama, ile ni nusu. Nilikuwa naigiza wanavyosema watu. Baadaye nilieleza ukweli."

"Basi nionyeshe... hiyo nusu nyingine."

Wifi akaitoa simu. Akaishika tu. Vipindi vyake vyote vilikuwa vinakaa kwenye ukurasa wake, hakuwa na nakala ya hata kimoja.

"Imefutwa, mama."

"Nani kafuta?"

"Mimi."

"Wamekulazimisha?"

"Wamenilazimisha, ndiyo, lakini sikiliza..."

Mama akatikisa kichwa polepole, akiwa ameridhika kabisa. "Mtu halazimishwi... kufuta uongo," akasema.

Niambie wewe ungemjibu nini. Tulimbembeleza. Tulimletea jirani anayemheshimu, akasimama dirishani akamsihi naye. Alimjibu kwa adabu kwamba anashukuru. Muda ukaenda, na wifi alikuwa anaujua huo muda maana yake nini. Nilimwona akihesabu pumzi za mama kwa macho huku mdomo ukiendelea kuomba.

Mwishowe akasimama, akampigia mama mkwe wake kelele. Sijawahi kuona jambo hilo katika ukoo wetu. "Mama, sikubali! Sikubali ufe kwa sauti yangu! Unasikia? Nitakubeba mgongoni, unichukie maisha, lakini sikubali!" Machozi na makamasi yalikuwa yanamtoka pamoja. Mama akamtazama kwa mshangao, kisha akanyoosha mkono ainuliwe. Amekubali, au amechoka kukataa? Mpaka leo sijui.

Tulimpakia kwenye gari la jirani. Wifi mwenyewe ndiye aliyemfunga barakoa ya oksijeni wodini. Asubuhi iliyofuata mama alifariki. Daktari mwenzake wifi alinieleza bila kuzunguka: angefika mapema, angekuwa na nafasi nzuri. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, nikatoka nje nikapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavimba.

Msiba ulikuwa wa watu wachache, viti vimeachana, madirisha wazi. Kaka alikuwa amerudi, amekaa upande wa pili wa meza. Ndipo mkurugenzi akaingia na suti yake nyeusi, nyuma yake ofisa habari amebeba kamera. Kamera, kwenye msiba wa mama yangu! Akatupa pole mmoja mmoja, akaenda kukaa karibu na wifi, akashusha sauti. Mimi nilikuwa kiti cha pili, nikasikia kila kitu.

"Daktari, tumekaa tukafikiria. Watu wanakupenda. Tungependa urudi hewani, uwaeleze yaliyomkuta mama, jinsi uvumi ulivyomuua. Itawagusa. Idara ya habari itakuandikia maneno."

Nilikuwa nimeshakaza miguu, tayari kumrukia yule baba, lakini wifi akanishika goti.

"Naweza kuanza sasa hivi?" akamuuliza.

Mkurugenzi akashtuka kidogo, kisha uso ukamchanua. "Kama unajisikia tayari. Hata maneno tutayarekebisha baadaye."

"Niko tayari."

Akaegemeza simu kwenye jagi la maji mezani, akasogeza kiti mpaka kikagusana na cha mkurugenzi, wote wawili wakaenea kwenye kioo. Mkurugenzi akanyoosha tai. Wifi akabonyeza. Watazamaji wakaanza kumiminika, mamia kwa mamia, wanauliza Dokta Mdomo alikuwa wapi. Safari hii hakuigiza mtu. Alikuwa anajua fika kwamba kesho hatakuwa na wodi ya kwenda.

"Mama mkwe wangu amefariki jana," akasema. "Alisikia nusu ya maneno yangu, akaamini kwa kuwa sauti ni yangu. Profesa ndiye aliyeyakata. Mama akaniomba nimwonyeshe nusu ya pili, sikuwa nayo. Nilikuwa nimeifuta. Nilifuta kwa sababu mkurugenzi wangu aliniamuru, baada ya kuiangalia yote mezani kwake na kuielewa. Nami nikakubali, kwa kuogopa kutolewa wodini. Kosa langu ni hilo, nimelisema. La kwake hajalisema bado. Huyu hapa, amekuja kutupa pole." Akamgeukia. "Mkurugenzi, waeleze watu kwa nini uliamuru."

Mkurugenzi akacheka kicheko kikavu. "Daktari ana uchungu," akaiambia kamera. "Nadhani tumwache apumzike." Akanyoosha mkono kwenye simu. Kaka akaisogeza mbali, jagi na simu pamoja, akabaki ameishikilia meza. Mkurugenzi akasimama, akafunga vifungo vya koti, akautazama mlango.

Nikakiinua kiti changu, nikakiweka mlangoni, nikakaa.

"Jibu," nikamwambia. "Hatuna haraka."