Kilo za Mtoto Mwingine

Dorah alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na riziki yake ilitoka kwenye vioo vya simu. Baada ya stashahada ya kompyuta alianza kwa kubuni kadi za harusi mjini Tororo, Uganda. Kisha kampuni ndogo ya programu iliyoko Busia, upande wa Kenya, ikamwajiri kuwa msanifu. Hakuandika programu zenyewe. Kazi yake ilikuwa kuamua kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu aulizwe nini kwanza na nini baadaye, ili hata asiyezoea simu asipotee. Aliijua kazi hiyo na kuipenda.

Kisha hofu ikamwingia. Wenzake wawili waliachishwa kazi kwa sababu akili mnemba ilichora kurasa kumi katika muda ambao wao walichora moja. Kila tangazo la ajira alilosoma lilitaka mtu mwenye kasi. Mkuu wake, Twaibu, hakuwa mtu mbaya, ila kila akipita mezani alikuwa na neno lilelile: "Dada Dorah, tumefika wapi? Au tuiulize mashine?" Alikuwa akitania. Dorah alicheka, akarudi kuchora haraka zaidi.

Basi wakapata kazi ya kuwatengenezea wahudumu wa afya wa vijijini programu ya kuwaonyesha mtoto wa uzito fulani apewe vidonge vingapi. Dorah alitakiwa aende vijiji vya Bulumbi na Sop Sop, upande wa Uganda, akae na wahudumu kumi na wawili, awatazame wakiitumia. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na tarehe imekaribia. Akafanya jambo ambalo watu wa fani yake wameanza kulizoea: aliiambia akili mnemba imbunie wahudumu kumi na wawili, wenye majina na umri, kisha akaiuliza kila mmoja wao angeitumiaje programu. Wote kumi na wawili waliisifu.

Mpaka hapo hapakuwa na kosa, kama angesema alichofanya. Lakini aliandika kwenye ripoti: "Tumejaribu na wahudumu kumi na wawili wa Bulumbi na Sop Sop." Ulikuwa uongo, hata kama ulikaa ndani ya jedwali safi. Twaibu akausoma, akaupitisha. Jumatatu programu ikaingia kwenye simu za wahudumu arobaini.

Alhamisi Dorah alikwenda Sop Sop kumsalimia shangazi yake, Achola, ambaye alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka tisa. Alimkuta barazani na akina mama sita, watoto wenye homa mapajani.

"Karibu, mwenye simu!" shangazi akapaza sauti. "Munamuona? Hii mambo ya kwa simu ni yeye alitengeneza. Mtoto ya kaka yangu huyu!"

"Kumbe ni mdogo hivi?" mama mmoja akasema. "Mimi nilifikiri ni mzungu mwenye kipara."

Wakacheka. Dorah akaketi mkekani kutazama.

Shangazi alifanya kazi kama alivyofanya siku zote. Wale kumi na wawili wa kwenye mashine walikuwa wamesema wangemaliza mtoto mmoja na kufunga ukurasa wake, jambo linalofuta kilo zake, ndipo washike mwingine. Yeye aliwapima wote kwanza, kwenye mizani iliyoning'inia kwenye boriti, akiandika kilo kwa kalamu mgongoni mwa mkono wake. Ndipo akachukua simu. Mtoto wa kwanza: kilo kumi na nne. Simu ikaonyesha vidonge. Akabonyeza "Endelea", akaandika jina la mtoto wa pili, mchanga, hata kukaa hajui. Kwenye kisanduku cha uzito zile kilo kumi na nne zilikuwa bado zipo, nyeusi, kama zimeandikwa sasa hivi.

Shangazi akabonyeza tena, akaanza kuhesabu vidonge.

"Shangazi, ngoja!" Dorah akamdaka mkono. "Kilo hizo si zake."

"Si zake namna gani? Simu imeandika yenyewe."

"Na mkononi umeandika ngapi?"

Shangazi akatazama. "Saba. Lakini mizani yangu ni ya zamani, binti. Nikaona simu inasema ingine, nikajua inapima vizuri kuliko mimi. Si ni wewe uliitengeneza? Wewe unaweza kosea?"

"Umeshawapa wangapi hivyo?"

"Leo ndiyo siku ya kwanza. Asubuhi nilipita kwa nyumba mbili tu. Wa kwanza alikuwa mkubwa. Halafu..." Akaviweka vidonge chini taratibu. "Opendi. Wa Babra. Miezi saba."

Dorah alimpigia Twaibu. "Izime programu. Sasa hivi. Wapigie wahudumu wote, wasimpe mtoto yeyote dawa kwa simu ile."

"Dorah, tulia. Si ulijaribu na watu kumi na wawili?"

Angeweza kusema imetokea hitilafu, na asingejulikana. Aliliona neno hilo liko tayari ulimini, akaliogopa kuliko kufukuzwa.

"Sikujaribu na mtu. Niliwabuni."

"Wangapi?"

"Wote."

Twaibu akasema kwa sauti ambayo Dorah hakuwahi kuisikia kwake: "Nazima. Wewe nenda kwa mtoto. Mengine tutaongea, na hutayapenda."

Dorah na shangazi walimkuta Babra akimenya mihogo. Mwanawe alikuwa amelala tangu asubuhi, na walipomwamsha alifungua jicho moja, akalifumba. Shangazi akamwambia Babra kwamba dozi ya asubuhi ilikuwa kubwa mno. Alimbeba, wakapanda bodaboda mbili mpaka kituo cha afya.

"Nani amempa dozi hii?" nesi akauliza kwa ukali alipoambiwa idadi ya vidonge.

Shangazi akainamisha kichwa. "Ni mimi, nesi."

"Hapana," Dorah akasema. "Ni mimi." Akaeleza habari ya kisanduku, ya kilo zilizobaki, ya ripoti.

Babra akamtazama usoni. "Dada, hiyo ya kisanduku sielewi. Wewe niambie tu: ulijua?"

"Sikujua. Ningekuja kutazama, ningejua."

Nesi alimhudumia mtoto, kisha akasema mtoto abaki pale mpaka kesho, na pumzi zake zihesabiwe kila robo saa.

Babra akampa Dorah mtoto. "Shika. Hesabu wewe. Mimi nimekaa hapa, nakuona."

Dorah akaweka kiganja kwenye kifua kile kidogo. Kila pumzi ilipochelewa, aliinama karibu zaidi. Hakuthubutu kuinua macho. Jua lilikuwa limeanza kushuka mtoto alipojinyoosha, akakunja uso, akalia kwa hasira, akitaka ziwa. Babra akamchukua, akamnyonyesha. Nesi hakusema amepona. Alisema tu kwamba kulia ni kuzuri.

Dorah akasogea karibu na Babra, akaendelea kuhesabu.