Wake Wawili Katika Rekodi Moja

Kazi yangu ni kusahihisha majina ya watu ambao hawajaniomba. Naifanya katika maktaba moja mjini Kericho, na nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba hata nikisoma tangazo la kifo gazetini najiuliza kwanza kama marehemu aliandika kitabu. Hivi karibuni tulihamia sheria mpya za katalogi. Zile za zamani ziliridhika na jina lililo kwenye jalada. Hizi mpya zinataka kumjua mtu: jina lake hasa, mwaka aliozaliwa, kazi yake, alikoishi, na zaidi ya yote, kila mtu awe na rekodi yake mwenyewe. Wenzangu wanaona ni usumbufu. Mimi naipenda kazi hii kuliko inavyompasa mtu mzima.

Mwaka jana nilimfikia mwandishi aliyeandikwa "Bi.", kisha jina la mumewe, basi. Chini yake palikuwa na vijitabu viwili vyembamba vya Kiswahili, vilivyochapishwa zamani na kanisa fulani: kimoja cha kutunza ng'ombe wa maziwa, kingine cha kulea mtoto mchanga. Nilivisoma vyote viwili, jambo ambalo sheria hazidai. Mwandishi wa kile cha ng'ombe alimshukuru mke mwenzake, "ambaye huogopa ng'ombe hata wakiwa wamefungwa". Mwandishi wa kile cha watoto alikiri kwamba maziwa ya mtoto yalikamuliwa na mtu mwingine, kwa kuwa yeye haingii zizini.

Basi walikuwa wawili. Mzee alikuwa na wake wawili, kila mmoja aliandika kijitabu, na kila kijitabu kilifikishwa kanisani kwa jina la "Bi." wa mzee yule yule. Wachapaji hawakuuliza na mzee hakueleza. Tangu hapo wanawake hao wameishi pamoja kwenye rekodi moja, pengine kwa amani kuliko nyumbani.

Nikaulizia kwa watu wa upande wa Chepalungu, kwao mzee. Mke wa kwanza alikuwa amefariki, akaacha watoto tisa. Wa pili alikuwa hai, akiishi huko huko Siongiroi, na hakujaliwa mtoto. Nikatumia akili: mama wa tisa aliandika cha watoto, asiye na mtoto akaandika cha ng'ombe. Nilitayarisha rekodi mbili na kujipongeza. Kilichobaki kilikuwa jina la huyo aliye hai. Mkubwa wangu aliniambia nipige simu. Nilimwambia sina namba. Nilikuwa nayo.

Nilifika Jumamosi. Aliyenipokea langoni alikuwa mwana wa mke wa kwanza, mwalimu mstaafu mwenye mvi na koti zuri. Wale niliowauliza walikuwa wamempasha habari, na mkononi alikuwa na kile kijitabu cha watoto, amekifunga kwenye plastiki.

"Umefanya vizuri kukuja," akaniambia. "Hii ni ya mama yangu. Nilisoma kwa mazishi yake, watu wote wakalia."

Nilimwambia kompyuta yetu itakubaliana naye. Nilifurahi kuona akili yangu imethibitishwa na mtu mwenye koti zuri.

Bibi, yule mke wa pili, alikuwa ameketi sebuleni, blanketi magotini. Nikamwamkia kwa lugha yake, "Chamgei, Kogo," yaani hujambo, bibi, naye akacheka namna ninavyotamka. Mimi asili yangu ni ziwani, ila nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai. Kipsigis changu kinatosha kusalimia na kununua ndizi. Tukaendelea kwa Kiswahili. Nilimweleza kwamba kompyuta imewahesabu yeye na mwenzake kuwa mtu mmoja.

"Mimi na marehemu?"

"Ndiyo, Kogo."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

Akafikiria. "Na nani anapika?"

Nikamwambia asijali, nimewatenganisha: yeye nimempa kitabu cha ng'ombe.

"Nani alikuambia?"

"Nimekisia."

"Mimi sijui ng'ombe. Ng'ombe ilinipiga teke nikiwa bibi arusi, na tukaachana hapo. Hiyo ya watoto ndiyo yangu."

"Lakini Kogo, wewe huna..." Nilikuwa nimechelewa kujizuia.

"Sina," akanimalizia, bila hasira. "Mwenzangu alikuwa anazaa, anarudi kwa ng'ombe zake. Alikuwa mtu wa ng'ombe kabisa. Mtoto nani ataosha? Nani ataamka akilia? Tisa. Hawa wakilala, naandika kwa daftari. Mzee akapeleka kwa kanisa, ikarudi na jina yake." Akavuta blanketi. "Hapa mtoto anapewa jina ya mtu wa nyumba yake ametangulia. Mimi sina mtoto, nikienda hakuna mjukuu atapewa jina yangu. Hiyo kitabu tu ndiyo niko nayo."

Mwalimu, aliyekuwa ameketi nasi akinywa chai, aliweka kikombe chake mezani. Nilijuta kutopiga simu.

"Mama," akasema, "hii kitabu nilisoma kwa mazishi."

"Nilikuwa hapo. Ulisoma vizuri."

"Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa unalilia mama yako. Ningekunyang'anya na kitabu?"

"Na miaka hii yote?"

"Nani aliniuliza?" Akanionyesha kwa kidevu. "Leo huyu ameniuliza."

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimempangia, kama mzee alivyompangia na kanisa lilivyompangia, tofauti ikiwa kwamba mimi nilitumia kompyuta. Niliona aibu, na nikasema hivyo kwa sauti. Mwalimu hakunitazama.

"Basi muulize," akasema.

Nikatoa daftari, nikamuuliza jina lake. Alilitaja lote, lile alilopewa na wazazi wake na lile la ubatizo, polepole, akingoja niandike. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua, na sheria mpya zinaruhusu hilo. Kazi, akasema niandike kulea watoto.

Mwalimu aliniomba nirudie jina hilo, nikalirudia. Kisha akakitoa kijitabu kwenye plastiki, akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaliandika kwenye jalada, juu ya jina la baba yake.