Daktari bingwa anayeandika dawa iliyo rafuni

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa kliniki ya viungo ungali umefungwa, lakini Dkt Ritu Chudasama tayari yuko kazini. Amesimama kwenye dirisha la famasi ya hospitali moja ya umma mjini Nakuru, mkoba begani, akinyoosha shingo kutazama rafu zilizo ndani.

"Tanveer, leo tuko na nini?" anauliza.

"Vidonge vya methotrexate vimejaa, daktari. Ile ya kutuliza uvimbe ndiyo imebaki kidogo, sijui kama itafika Ijumaa," anajibu mfamasia wa zamu, Tanveer Qureshi.

"Basi hiyo nitaandikia wale wenye hawawezi kushika kikombe. Wengine watangoja kidogo."

Anashukuru na kuelekea chumbani mwake. Mabenchi yamejaa. Wengi ni wanawake wakulima kutoka Dundori, Molo na Keringet, na baadhi yao walilala kwa jamaa zao mjini ili wawahi foleni.

Dkt Chudasama, 44, ni daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, hasa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuanza kushambulia maungio ya vidole, magoti na mabega. Kila Jumanne huwaona wagonjwa hadi alasiri, chai yake ikipoa mezani.

Kinachomtofautisha na wenzake wengi ni jinsi anavyochagua dawa. Kabla hajaandika chochote, hutaka kujua kama dawa hiyo ipo famasini na kama bima ya afya ya umma itailipia.

"Nikiandika dawa ambayo bima hailipi na mgonjwa hana pesa, ataenda nayo nyumbani kama karatasi. Atarudi baada ya miezi sita vidole vikiwa vimekunjika, na hapo hata mimi sina la kufanya," anasema.

Mazoea hayo hakuyapata chuoni. Baba yake, Mzee Lalit, aliuza mbegu na dawa za mifugo mjini Nakuru kwa zaidi ya miaka thelathini, na Ritu alikulia nyuma ya kaunta ya duka hilo.

"Baba hakuwa anauzia mtu dawa kabla ya kumuuliza ako na ng'ombe wangapi na wanatoa maziwa kiasi gani. Kama dawa ingekula maziwa ya mwezi mzima, alimtafutia nyingine. Nilidhani kila mwenye duka hufanya hivyo," anasema akicheka.

Kwenye kaunta hiyo ndiko alikojifunza Kikalenjin cha kusalimia na Kikuyu cha kupatana bei. Vyote viwili bado humfaa.

Mwaka jana, msimamo wake nusura umkosanishe na familia moja ya Keringet.

Cheptanui, mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa ameugua kwa karibu miaka miwili. Asubuhi vidole vyake viliamka vimekakamaa kama vya mtu aliyelala kwenye baridi kali. Kukamua kulimshinda, kisha kumenya viazi, kisha hata kuvaa.

"Nilikuwa naficha mikono chini ya leso nikienda kanisani ili watu wasinisalimie. Mtu akinishika kwa nguvu, machozi yanatoka yenyewe," anasema Cheptanui, 47.

Daktari wa kliniki moja ya kibinafsi aliwaambia kwamba tiba ni sindano fulani mpya. Gharama yake ilikuwa zaidi ya shilingi elfu sitini kwa mwezi, na bima ya umma isingeilipia bila idhini maalumu. Mumewe, Kigen, alirudi nyumbani akatafuta mnunuzi wa shamba. Walikuwa na ekari tatu. Alikuwa tayari kuuza mbili.

Kabla ya kutia saini, Cheptanui aliomba wamwone kwanza huyo Mhindi wa hospitali ya umma ambaye jirani yao alimsifu. Kigen alikubali shingo upande.

Dkt Chudasama alimpapasa kila kidole, akatazama vipimo vya damu na picha za mifupa, kisha akawaambia wasiuze chochote. Angeanza na methotrexate, vidonge vidogo vya manjano ambavyo vimetumika kwa miaka mingi duniani, na ambavyo havifiki shilingi elfu moja kwa mwezi. Bima ingelipia vidonge na vipimo vya kuangalia damu na ini.

Kigen anakiri kwamba alikasirika.

"Nilimuuliza, 'Daktari, umetuona sisi ni watu wa dawa ya bei rahisi? Mimi nimekuja na pesa.' Nilidhani ametudharau kwa sababu tumetoka mashambani," anasema.

Daktari huyo anakumbuka swali hilo vizuri.

"Nilimwambia, 'Mzee, hata kama ungekuwa unamiliki Nakuru yote, ningeanza na hii. Ikishindwa, nitakuwa wa kwanza kukuambia. Lakini ukiuza shamba leo, kesho halirudi.'"

Alimweleza Cheptanui kwamba vidonge hivyo humezwa siku moja tu kwa wiki, na kwamba kuvimeza kila siku ni hatari. Walichagua Jumapili, baada ya kanisa. Alimwonya pia kwamba vingechukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kufanya kazi, akampa dawa kidogo ya kutuliza uvimbe wakati wa kungoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Wiki ya sita ilifika na mikono ilikuwa karibu ile ile. Mnunuzi wa shamba alipiga simu kila mara. Watu wa ukoo walianza kusema kwamba Kigen anahurumia udongo kuliko mke wake.

"Hiyo ilinichoma. Nikamwambia, Cheptanui, tuuze tu, tusibishane na watu," anasema.

Mkewe alikataa. "Nilimwambia mikono ni yangu. Huyo daktari alinishika kidole kimoja kimoja na akanieleza. Tungoje miezi yenye alisema."

Dkt Chudasama, ambaye alikuwa amewapa namba yake ya simu, anasema wiki hizo zilimsumbua pia. "Si kila mtu dawa hii humkubali. Nilijua kama itamkataa, nitakuwa nimempotezea muda, na huyo mzee hatawahi kuamini daktari tena. Nilikuwa nawapigia kila Jumapili jioni. Kusema kweli, niliogopa simu yao ikilia."

Asubuhi moja, mwezi wa tatu wa matibabu ukikaribia kuisha, Kigen aliingia chumbani kumfunga mkewe vifungo vya sweta, kazi aliyoifanya kila siku kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alimkuta Cheptanui ameketi kitandani akivaa viatu. Sweta lilikuwa limefungwa hadi shingoni.

"Nilimuuliza, 'Nani amekufunga?' Akajiangalia kifuani, na yeye mwenyewe hakuwa amejua," anasema Kigen. "Nilitoka nje nikasimama hapo kwa ng'ombe. Sikutaka anione."

Ekari tatu bado ni zao. Cheptanui sasa hukamua ng'ombe wawili asubuhi, na mumewe humalizia wa tatu kwa sababu daktari amemkataza kujichosha. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki kimepinda na hakitanyooka. Cheptanui anasema hakimsumbui.

Kigen, kwa upande wake, amekuwa msemaji wa benchi la kliniki. Akimsindikiza mkewe kupimwa damu, huwaambia wageni wanaolalamika kuhusu dawa za bei nafuu wangoje kwanza.

Si kila hadithi huishia kwenye vidonge. Mitchelle Akoth, mfanyakazi wa shamba la maua anayeishi mtaa wa Kihoto, Naivasha, alitumia dawa mbili za kawaida bila kupata nafuu. Kwake Dkt Chudasama aliomba ile sindano ya gharama. Ombi la kwanza lilirudishwa likitaka maelezo zaidi. Aliandika tena, akaambatisha picha za mifupa, na bima ikakubali kulipa.

"Watu wa bima wakiona nimeomba sindano, wanajua nimemaliza njia zote. Ningekuwa naiombea kila mtu, hawangenisikia siku ya Mitchelle," anasema.

Wapo madaktari wanaomtania kwamba anatibu kama muuza duka. Yeye hakasiriki. Anasema huo ni ukweli mtupu, na baba yake angefurahi kuusikia.

Anachotaka sasa ni ugonjwa huu utambuliwe mapema, huko huko wanakoishi wagonjwa. Tangu mwanzo wa mwaka, afisa wa kliniki kutoka zahanati moja ya Keringet, Jepleting Rono, amekuwa akishuka Nakuru kila Jumanne kuketi naye. Mpango ni kwamba kabla ya mwaka kuisha Jepleting aanzishe kliniki ndogo ya viungo Keringet, na mwenzake mwingine afanye vivyo hivyo Dundori.

"Nataka mama wa Keringet atibiwe Keringet, apone, na asiwahi kujua kuna mtu anaitwa Ritu," anasema daktari huyo.

Inakaribia saa tisa. Mgonjwa wa mwisho, mwanamke mwenye vifundo vilivyovimba, anaingia. Dkt Chudasama anasogeza kiti chake kando na kumwachia Jepleting nafasi.

Jepleting anamshika mgonjwa mkono, anabonyeza kidole kimoja kimoja, anamuuliza vinakakamaa muda gani asubuhi na kama bima yake imelipiwa. Kisha anaandika, anasita, na kumgeuzia bingwa karatasi.

Dkt Chudasama anaisoma mara mbili, anatia saini chini bila kubadilisha neno, na kumrudishia.

"Mweleze mama vile atameza," anasema, kisha ananyanyua kikombe chake cha chai.