Picha Mbili, Ukuta Mmoja

Mama Fremu hakurithi duka. Alianza kwa kuokota vipande vya vioo vilivyotupwa na mafundi wa madirisha, akavisugua kingo, akaviuza kwa kina dada wajitazamie. Haba na haba hujaza kibaba: akapata mlango wake wa duka, na mwaka huu akaipata kazi aliyoiwinda muda mrefu, ya kutia fremu picha za viongozi kwa ofisi zote za jimbo. Akiimaliza, chumba cha jirani anakinunua.

Bwana Itifaki akaja kukagua, katumwa na serikali kuu. Akakuta ukutani rais wa nchi na waziri mkuu wa jimbo bega kwa bega.

“Mama, huyu wa jimbo mshushe. Hawezi kulingana na rais.”

“Kwani wamegombana?”

“Ni utaratibu. Ashuke kiganja kimoja.”

“Kiganja chako au changu?”

Mumewe, aliyekuwa akikoroga gundi, akamkonyeza: funika kombe mwanaharamu apite. Wapi! Mama Fremu akamgeukia mgeni.

“Baba, huyu wa jimbo mimi hata simpendi. Ana ahadi nyingi kuliko nywele. Maji yakikatika naenda kwake, ananipa soda na uongo. Lakini mlango wake naujua! Tulimweka wenyewe, tutamtoa wenyewe. Huyo wa kwako nikambishie hodi wapi?”

Bwana Itifaki akafunga mkoba. “Basi kazi atapewa anayejua kupima.”

Kesho yake gari likasimama mlangoni. Akashuka waziri mkuu mwenyewe, tumbo mbele, tabasamu la kuomba.

“Dada yangu, mimi nimebanwa katikati. Shule zangu, barabara zangu, lakini fungu la fedha linatoka serikali kuu. Nikiwakasirisha, mnaoumia ni nyie. Nishushe kidogo tu, mimi sijali.”

“Hapo ndipo unapoliwa, mzee. Sokoni ukisema hujali, unauziwa hata kivuli chako. Leo kiganja, kesho dhiraa, keshokutwa tukutafute nyuma ya kabati. Ukitaka kushuka, kashukie ofisini kwako. Ukutani kwangu hushuki!”

“Kazi utaikosa, dada.”

“Watu wataacha kuoana? Wataacha kuhitimu? Picha zao zitanilisha. Nenda salama.”

Mzee akaitazama picha yake. Akaondoka.

Kazi ikaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Chumba cha jirani kikachukuliwa na muuza magodoro, na mume akanuna mpaka shavu likamvimba.

“Haya, umepata nini sasa?”

“Sijapata kitu. Nimekosa kazi, na chumba nimekosa.” Mama Fremu akalaza kioo mezani, akakipitishia kisu. “Ila safari ijayo wakimpangia bei, mzee yule anajua kuna mtu aligoma kumpunguza. Akijiuza rahisi, shauri yake. Lete gundi, bibi harusi anasubiri.”