Majani Makavu Kutoka Aktiki

Mwaka 2016 chuo cha binti yangu kule Braamfontein kilifungwa kwa sababu ya maandamano, naye akahamishia kazi yake nyumbani kwetu Malvern. Ilikuwa mifuko ya karatasi yenye majani yaliyokaushwa, yaliyokatwa na msimamizi wake wa utafiti kwenye mbuga ya Aktiki, kaskazini ya mbali kwenye baridi kali. Mingine ilitoka mahali wanapokula wanyama wakubwa wenye manyoya marefu, mfano wa nyati. Mingine ilitoka ndani ya uzio ambao wanyama hao hawakuweza kuuvuka kwa miaka mingi. Kila mfuko ulitakiwa kuchambuliwa na kupimwa. Kazi ikienda vizuri, msimamizi angemchukua safari ijayo.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha mapema, lakini nasoma kila kinachoingia nyumbani, na maandiko yake niliyasoma nikiwa na kamusi pembeni. Aliponiomba nimtolee mchanga na vijiwe kwenye mifuko ya uzioni, nilikaa mezani na sinia kama mtu anayechagua mchele.

Mifuko ile ilijaa majani ya kijivu, yaliyokufa zamani na kushikamana. Niliyaona takataka. Niliyatoa yote, jani moja moja, nikabakiza ya kijani tu. Asubuhi gari la taka likapita. Nilijipongeza.

"Baba, yale ya kijivu umeyaweka wapi?"

"Ule uchafu? Nimeutupa."

"Eish, Baba." Akacheka kicheko kifupi. "Watu wamezuia nyati kwa seng'enge miaka yote hiyo, kumbe mla majani yuko Malvern."

Nilicheka naye, mpaka nilipoelewa. Wanyama wakila, majani hayapati nafasi ya kufa na kurundikana, na jua linaifikia ardhi. Wakizuiwa, makavu hurundikana mwaka baada ya mwaka. Hayo makavu ndiyo yaliyoonyesha kwamba hakuna mnyama aliyepita. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma. Niliipigia hata mstari kwa penseli. Sasa mifuko ya uzioni ilifanana na ya nje, na hakukuwa tena na cha kulinganisha.

"Mwambie msimamizi ni mimi."

"Ataniuliza mifuko ilifikaje mikononi mwako. Acha tu, Baba."

Alipiga simu akiwa jikoni. Nilimsikia akisema ameyatupa yeye, hakujua kama yana kazi. Hakujua! Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kuingia na kuiomba ile simu. Sikuingia.

Hakufelishwa, alibadilishiwa mada. Safari akapewa mwanafunzi mwenzake. Siku ya mwenzake kuondoka, binti yangu alimwazima koti zito alilokuwa amejinunulia kwa ajili ya baridi ya huko, nami nikaenda na binti yangu mpaka uwanja wa ndege nikiwa nimelibeba. Mwenzake alilipokea mikononi mwangu, akanishukuru mimi.